Trekta Lililokuja na Mimba

Majina yote ninayo. Shule niliiacha darasa la pili, lakini kichwa changu kilibaki na kazi hiyo moja: mtu akinitajia jina lake mara moja, limeingia, halitoki. Naweza kukutajia wanawake wote waliopanga ndoo mbele yangu bombani kule kambini Kigoma, na waume zao, na wale waliokuwa wakiruka foleni. Binti yangu, ninayeishi naye hapa St Marys, Australia, ameniomba nisiandike hata moja. Anasema wenyewe wako Blacktown, wanasoma, na tunakutana nao kanisani kila Jumapili. Basi sawa. Majina nimeyaweka kwenye matrekta.

Ninayo matano. Si yale ya kulima mashamba makubwa. Ni matrekta ya bustani, kimo cha ndama, kiti cha mtu mmoja, injini mbele na visu vya kukatia majani tumboni. Watu wa hapa waliyanunua zamani, viwanja vilipokuwa vipana. Siku hizi viwanja vimekatwakatwa, nyumba zimebanana, na matrekta yamebaki kwenye mabanda yakiliwa na kutu. Mimi nayaokota, nayafungua, nayasugua kwa msasa, nabadilisha gasketi, napaka rangi, nayawasha. Kisha napanda na kuzunguka mlimau wetu. Nyasi za uani hazitoshi kulipa trekta moja kazi ya dakika tano.

"Mama, sasa hapo unakata nini?" binti yangu huniuliza.

"Nakata hamu," namwambia.

Lile la kijani linalopiga kelele asubuhi nzima kabla ya kufanya kazi lina jina la mama mmoja wa kwaya. Lile lisilowaka mpaka ulibembeleze lina jina la mke wa mchungaji wetu wa zamani. Wenyewe hawajui. Wakija kunitembelea nawapitisha uani, nawaonyesha, nasema hili ni zuri sana, nalipenda, na wanalipapasa.

Yote haya yalianzishwa na mzee wa ng'ambo ya barabara, mzungu, mtu wa miaka themanini na kitu, aliyekuwa makanika maisha yake yote. Wajukuu wangu waliniita Bibi, na yeye akasikia, akaniita Bibi. Mimi nilimwita Mzee. Kiingereza changu ni cha kuungaunga, na chake kimejaa meno ya bandia, kwa hiyo tulielewana vizuri.

Ilikuwa ile siku ambayo halmashauri inapita kuchukua makorokoro. Watu walikuwa wanatoa magodoro na friji mbovu, wanaziweka kando ya barabara. Nikamwona Mzee anasukuma trekta jekundu lenye kutu, anahema kama mtu anayevuta ng'ombe asiyetaka kwenda mnadani. Nikavuka.

"Unalitupa?"

"Unalitaka? Chukua, Bibi. Na nyuma ya banda kuna lingine la namna hii hii, halina kitu, ni la kutolea spea. Chukua yote mawili."

Hapo ndipo nilipopata mshtuko, na lazima nieleze, maana binti yangu mpaka leo anasema mshtuko ule niliutengeneza mwenyewe.

Kwetu Burundi, mtu akikupa ng'ombe hajakupa nyama wala maziwa tu. Amekuchagua. Kuanzia siku ile ninyi ni watu wa mlango mmoja. Na ng'ombe yule akizaa, unamrudishia mwenzako ndama. Si ndama yeyote wa kuokota sokoni: ndama wa ng'ombe yule yule. Usiporudisha, watu watakusema mpaka kaburini. Na mwenzako akimkataa ndama, ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu amesema mbele za watu kwamba mimi na wewe hatujuani. Baba yangu alipewa ng'ombe namna hiyo. Niliona kwa macho yangu, nimesimama nyuma pamoja na watoto wa kike, kwa sababu mambo ya ng'ombe yalikuwa ya wanaume. Mwanamke alikuwa wa kusafisha zizi. Baadaye ikaja vita, ikaja kambi, na kambini ng'ombe hakuna kabisa.

Sasa mzungu huyu ananipa mimi, mwanamke, trekta. Na nyuma yake kuna lingine. Nikamwambia binti yangu jioni ile, "Nimepewa ng'ombe, tena mwenye mimba."

"Mama, amekupa takataka. Amekwepa kazi ya kuzisukuma."

"Nenda ukamshukuru kwa niaba yangu. Mwambie ndama atarudi."

"Siwezi kumwambia mzungu wa watu kwamba amekupa ng'ombe mwenye mimba!"

Hakumwambia. Mimi nikaanza kazi.

Mwaka mzima Mzee alikaa kwenye kiti chake cha plastiki kandokando ya uzio wetu akinifundisha. Pistoni ilikuwa imegandana na silinda. Akasema mimina mafuta, subiri wiki. Nikasubiri. Akasema subiri wiki nyingine. Mimi nimesubiri chakula cha mgao, nimesubiri karatasi za kuja Australia, nitashindwa na pistoni? Ilipoachia, nilipiga vigelegele mpaka jirani wa pembeni akafungua dirisha. Jambo moja tu tulikosana: rangi. Mzee aliamini kwamba trekta lazima lirudishwe kwenye rangi yake ya kiwandani, nyekundu ile ile, si nyekundu ya binamu yake. Ukimtajia rangi nyingine anashika kifua.

Ng'ombe akawaka. Nikaongeza mengine, moja la kuokotwa, mawili ya kupewa na watu waliosikia kuna bibi Mwafrika anayependa vyuma. Lakini lile la spea, la nyuma ya banda, nililiacha chini ya turubai. Niliona muda upo. Kila nilipopita karibu nalo nilijiambia, ndama hajafikisha siku zake. Miaka sita ikapita hivyo. Uvivu, kwa lugha nyingine.

Kisha mwaka jana Mzee akaja kwenye uzio bila kiti chake.

"Bibi, wanangu wameuza nyumba. Ijumaa ya wiki ya pili naenda makao ya wazee."

Nilimwambia pole. Moyoni nilikuwa nahesabu siku. Kumi na mbili. Na ndama yuko chini ya turubai, hana betri, hana mkanda, kiti kimeliwa na panya, na starta imeungua ndani. Mzee akiondoka kabla sijarudisha, basi mimi ndiye yule mtu wa kusemwa kaburini.

Mkanda na betri nilinunua. Kiti nilishona kwa ngozi ya koti la zamani la binti yangu, naye hajaliulizia, na kama anasoma hapa, ndiyo, ni lile la kahawia. Kabureta niliiosha mara tatu. Ilibaki starta. Mafundi wa karibu walisema nitupe, ninunue mpya. Mpya haiwezekani, huyo atakuwa ndama wa kuokota sokoni. Nikakumbuka kule Auburn kuna fundi wa kusuka upya nyaya za mota, kijana wa Tanga niliyewahi kukutana naye kwenye harusi.

Starta ile ni chuma kizito, uzito wa mtoto anayeanza kukaa. Mkono mmoja una fimbo, mwingine una mkoba. Nikafanya alichokifanya mama yangu na mama yake: nikaiinamia, nikaitupa mgongoni, nikaifunga kwa kitenge, nikapanda treni.

Nilipewa kiti mara moja. Mama mmoja wa kizungu akanyoosha shingo.

"Lo, amelala! Ana umri gani?"

Nilijua Mzee alisema trekta lilitengenezwa kama miaka sitini iliyopita. "Sixty," nikamwambia.

"Siku sitini! Bado mdogo kweli. Na ametulia jinsi gani!"

"Baba yake pia alikuwa hivyo," nikasema, na hiyo ilikuwa kweli, marehemu mume wangu hakuwa msemaji. Yule mama akanipungia mkono aliposhuka. Alimpungia na starta.

Kule Auburn yule fundi aliniona mlangoni akasimama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Umetuletea mjukuu? Hebu nimwone." Nikafungua kitenge. "Astaghfirullah! Mtoto gani huyu, Bibi, mweusi kama chungu na hana masikio?"

"Mgonjwa. Ameungua ndani. Nampeleka kwa mwenyewe Ijumaa ijayo."

"Ijumaa? Bibi, foleni yangu hapa ni mwezi mzima. Vuta subira."

Nikaketi kwenye benchi lake. Nikamweleza habari ya ng'ombe na ndama, tangu mwanzo, bila kuruka. Nilipofika kwa babu yangu na ng'ombe wa babu yangu, fundi akaweka chini alichokuwa amekishika.

"Ukimaliza hiyo hadithi leo utakuwa umefika kwa Adamu. Basi, basi. Njoo Jumatano."

Jumatano nikarudi na kitenge changu. Starta ilikuwa inang'aa. Fundi hakutaka kuniachia niondoke mpaka ameifunga yeye mwenyewe mgongoni mwangu, anacheka mpaka machozi.

Alhamisi nilipaka rangi. Najua. Najua alichosema Mzee. Lakini ng'ombe wa baba yangu alikuwa wa kahawia mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, na mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikapaka kahawia. Nikapaka baka jeupe katikati ya taa mbili.

Ijumaa asubuhi mwana wa Mzee alikuwa anapakia mabegi kwenye gari. Nikavaa kitenge kipya, nikachukua fimbo ya kuchungia, nikakaa kwenye kiti cha ngozi. Ndama akawaka mara ya kwanza, bila kubembelezwa. Nikavuka barabara polepole, gari moja likasimama kunipisha, dereva akapiga honi ya furaha. Binti yangu alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka zamu yake ya usiku, bado na sare ya kazini. Alisimama kwenye geti akishika kichwa.

Mzee alitoka. Akalitazama trekta kutoka matairi mpaka usukani. Mdomo ukafunguka.

"Bibi. Umelifanya nini hili jamani? Kahawia?"

"Ni lako," nikasema. "Lile la nyuma ya banda. Nimerudisha." Nikamnyooshea fimbo.

Uso wake ukalainika. Akatikisa kichwa, akaweka mkono begani kwangu. "Hapana, hapana. Wewe ndiye umefanya kazi. Baki nalo, Bibi."

Najua alikuwa na adabu. Wazungu wa hapa hukataa kwanza. Lakini masikio yangu hayajui hilo, masikio yangu yalisikia mtu akisema mbele ya mwanawe na mbele ya barabara nzima kwamba mimi na yeye hatujuani.

"Mwambie," nikamwita binti yangu. "Mwambie sasa hivi. Yote."

"Mama, jamani..."

"Kuhusu mimba pia."

Binti yangu akaja, na sare yake na macho mekundu ya usingizi, akamweleza. Alianza kwa aibu, ananong'ona. Alipofika kwa babu yake sauti ikapanda, nikashangaa, sikujua kama aliwahi kunisikiliza. Alipomaliza, Mzee akamtazama mwanawe, akanitazama mimi.

"Yaani miaka sita nimekuwa mtu wa kugawa ng'ombe, na hakuna aliyeniambia?"

"Yeye hakutaka kukuambia," nikamwonyesha binti yangu kwa kidole.

Mzee akapokea fimbo. Kwa mikono miwili, na hakuna aliyemfundisha. Kisha akauliza, kwa huzuni kweli, "Lakini nitalifuga wapi? Kule wamenipa chumba na dirisha."

Nikamwambia, bila haraka, kwamba kwetu mtu asiye na malisho humwacha ng'ombe wake kwa rafiki. Rafiki anamchunga na kunywa maziwa. Mwenyewe anakuja kila anapotaka kumtazama mbavu na kumgombeza mchungaji.

Binti yangu alinigeukia polepole. "Mama. Hili ulilijua tangu mwanzo."

Nikatazama mawingu. Kulikuwa na mawingu mazuri asubuhi ile.

"Na jina?" Mzee akauliza. "Yote yako yana majina."

Kuna shemeji yake, dada wa marehemu mkewe, ambaye Mzee aliwahi kunisimulia habari zake mara moja tu, kwenye uzio, miaka mitano iliyopita: mwanamke aliyekuja Krismasi akakaa mpaka Pasaka, akimwamrisha kuoga. Nikamtajia jina lake. Mzee alicheka mpaka mwanawe akaleta maji.

Sasa huja Jumapili moja moja mchana, mwanawe anamleta. Anashuka na fimbo. Anagonga matairi, anachungulia chini ya boneti, anaita jina la shemeji yake kwa sauti ya mtu anayetafuta ugomvi. Kisha anageuka kunigombeza kuhusu rangi, kila mara, kama ni mara ya kwanza. Na wakala wa nyumba hii tunayopanga akija kukagua na kuuliza kwa nini matrekta ni matano wakati kwenye mkataba tuliandika manne, binti yangu ndiye anayejibu, kwa Kiingereza chake kizuri, uso mkavu kabisa: manne ni ya Mama, hili moja ni la jirani, limekuja kunyonya.