Sidii ya Bendi ya Reli

Siku aliposikia kwamba sauti ya dada yake inauzwa madukani, Bi Pasi aliunguza gauni la daktari wa upasuaji. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akipiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali, na hakuwahi kuunguza hata leso. Redio ilikuwa juu ya rafu, katikati ya makopo ya wanga. Mtangazaji akasema nyimbo za zamani za ile bendi ya wafanyakazi wa reli zimekusanywa kwenye sidii moja, sita kwa jumla, tena zimesafishwa. Kisha akapiga nusu ya wimbo mmoja. Pasi ikatulia palepale ilipokuwa. Wenzake walishtuliwa na moshi. Yeye aliyeishika hakuuona.

Dada yake mkubwa alikuwa mwitikiaji katika bendi hiyo. Asubuhi alikata tiketi stesheni, jioni aliimba. Baba yao alikuwa akiondoka sebuleni kila anapomsikia redioni, lakini alikuwa anasimama koridoni mpaka wimbo uishe. Akiwa na miaka ishirini na sita, dada alikwenda kujifungua akafa, yeye na mtoto. Bi Pasi alikuwa na miaka kumi na minne. Kilichobaki ni picha ndogo ya kitambulisho, iliyofifia mpaka uso umekuwa doa, na kaseti moja. Kaseti ilitafunwa na redio mwaka huohuo. Mama yao alijaribu kuukunjua ule utepe kwa sindano ya kushonea, akaukata.

Basi ikawa kila mshahara ukitoka, Bi Pasi anavua aproni na kushika njia ya mtaa wa nyuma ya benki, ambako maduka ya muziki yalikuwa matano.

Duka la kwanza, kabla hajafungua mdomo, muuzaji alimwonyesha kwa kidole. "Mama, nyimbo za dini ziko kule kwenye kona."

"Natafuta bendi ya reli."

"Za wazee hizo. Ziliisha."

"Ziliisha lini?"

"Zilipoisha," akasema yule muuzaji, akarudi kwenye simu yake.

Duka la pili alipata. Kava lilikuwa na maneno tu, bila picha, lakini jina la bendi lilikuwepo. Alilipa bila kuomba kupunguziwa. Akafika nyumbani anahema, akamwita mumewe, akaweka sidii kwenye deki na kuketi wima kama aliyekuja kuposa. Sauti ya mwanamume ikaanza kueleza jinsi ya kukinga vifaranga dhidi ya ugonjwa wa mdondo. Dakika arobaini, sehemu ya kwanza.

Mumewe, fundi bomba, mtu wa masihara, alicheka mpaka akashika ukuta. "Angalau tutafuga," akasema.

Aliporudi dukani kesho yake, mwenye duka alimgeuzia kibao kilichoandikwa kwamba mali ikitoka hairudi. Bi Pasi akakaa na vifaranga vyake.

Hata hivyo hakukoma. Ndivyo alivyofika kwa Kapteni. Duka lake lilikuwa jembamba, limebanwa kati ya kinyozi na muuza miwani, na mwenyewe aliitwa hivyo kwa ajili ya kofia ya baharia aliyovaa miaka yote. Meli hakuwahi kuipanda. Tofauti na wenzake, Kapteni hakukuambia ziko kule. Alikuuliza unatafuta nini, na kwa nini. Bi Pasi akamwambia yote: stesheni, baba koridoni, utepe na sindano. Kapteni alivua kofia akaiweka juu ya kaunta.

"Dada, hiyo sidii walitoa chache, kampuni ikafa," alisema. "Lakini mtaka cha mvunguni huinama. Tutainama wote."

Na kweli waliinama. Chini ya meza kulikuwa na maboksi ya sidii za zamani ambazo hazijapangwa, na Bi Pasi alipiga magoti na kuzipekua moja moja huku Kapteni akimwekea hiki na kile kwenye spika. "Sikiliza hii kwanza. Msikilize mpiga besi, anavyojifanya hayupo." Kwa njia hiyo alijifunza kusikiliza. Alianza kutambua nani anapiga gitaa kabla hajaambiwa. Zipo sidii alizonunua kwa ajili ya kipande kimoja tu cha tarumbeta. Miaka sita ilipita hivyo, na kama ungemuuliza wakati ule, angekwambia ndiyo miaka aliyokuwa na kitu chake mwenyewe. Nyumbani alikuwa mke wa fundi na mama wa wasichana wawili, kazini alikuwa mkono wa kulia wa pasi. Kwa Kapteni alikuwa mtu mwenye masikio.

Mumewe alinung'unika. "Wenzako wananunua viwanja, wewe unanunua vioo."

"Ndugu zako wamenunua viwanja, na bado wanakuja kula kwako," alijibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mwaka wa saba, Kapteni alimwita kando, akampa sidii nyeupe iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: RELI. Ilikuwa ndani ya bahasha ya karatasi.

"Orijino haipatikani tena duniani," alisema. "Rafiki yangu wa mbali alikuwa nayo, akaninakilia. Chukua. Sitaki kitu."

Bi Pasi alilia palepale, mbele ya wateja wawili. Alimshukuru Kapteni kwa mikono yote miwili. Alipofika nyumbani mumewe hakutania. Walikaa wote wanne, na kwenye wimbo wa tatu sauti ya dada ikapanda juu ya zile nyingine, nyembamba, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa mstari, vilevile alivyokuwa akimwita kutoka uani. Binti mdogo akauliza, "Huyu ndiye mama mkubwa?" Bi Pasi akaitikia kwa kichwa.

Kitu kimoja kilibaki kinamkera. Kwenye kava la orijino, Kapteni alikuwa amemwambia zamani, kuna kijitabu chenye picha ya bendi nzima na majina. Alitamani kuuona uso wa dada yake ukiwa na ukubwa unaotazamika. Alitamani kuliona jina lake limepigwa chapa, na hilo alikuwa amemwambia Kapteni zamani hizo. Lakini kama haipo duniani, haipo. Alijizuia kuomba zaidi, asije akaonekana hana shukrani.

Mwaka mmoja baadaye alitumwa kupeleka makoti kliniki ya meno. Karani hakuwepo, akapita moja kwa moja na makoti mkononi. Ukumbini wagonjwa watatu walikuwa wamekaa wameshika mashavu. Nyuma ya mlango mashine ya meno ilikuwa inalia, na nyuma ya ule mlio, dada yake alikuwa anaimba.

Alisubiri mgonjwa atoke, akaingia. Daktari wa meno alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kusema na kila mtu kama vile ana pamba mdomoni na hawezi kujibu. Deki ndogo ilikuwa dirishani. Kava lilikuwa wazi kando yake: kichwa cha treni, na wanamuziki wamejipanga mbele.

"Unaipenda?" daktari akauliza. "Adimu sana hiyo."

"Daktari, uliipata wapi?"

"Kwa Kapteni, mtaa wa nyuma ya benki. Alinipigia simu mwenyewe. Nilikuwa nimemwambia ikipatikana tu, bei asiulize."

"Lini?"

Daktari akafikiri. Akautaja mwezi na tarehe. Ulikuwa mwezi uleule wa bahasha ya karatasi, wiki mbili kabla.

Bi Pasi aliweka makoti kitini, akaomba kukitazama kijitabu. Dada alikuwa safu ya pili, wa saba kutoka kushoto, gauni la maua, kichwa amekiinamisha kama anayezuia kicheko. Ukurasa ulikuwa wa katikati, na pini ya kushikia kijitabu ilikuwa imempita shavuni. Chini yake kulikuwa na majina. Wapiga gitaa wote, mpiga ngoma, hata dereva wa gari la vyombo. Waitikiaji walitajwa wawili, wanaume, kisha: na wengineo.

Alisoma mara tatu. Kisha akamweleza daktari, kwa maneno machache, huyo mwenye gauni la maua ni nani, akaomba aende nacho dakika kumi tu akatoe nakala.

"Pole sana," daktari akasema, na ilionekana kweli amesikitika. Lakini mkono wake ulikuwa umeshakifunga kijitabu. "Vitu hivi vikitoka mkononi, unajua tena. Nitatoa nakala mwenyewe nikupe."

Hakutoa. Bi Pasi alimkumbusha mara mbili koridoni. Mara ya tatu alijiona kama ombaomba, akaacha. Mwisho wa mwaka daktari alihamishwa, akaondoka na vitu vyake.

Kwa Kapteni alikwenda jioni ileile ya siku aliyoiona picha, na aproni yake bado kiunoni. Dukani hakukuwa na mtu. Kapteni alimwona usoni akajua.

"Daktari alitoa mara nne ya bei," alisema kabla hajaulizwa. "Na duka unaliona lilivyo. Maduka matano mtaani, tumebaki wawili."

"Sijaja kuuliza bei. Uliniambia haipo duniani."

"Dada, wewe ulikuwa unatafuta sauti. Sauti nimekupa, tena bure."

"Ulijua nataka jina."

Kapteni alishusha macho. "Jina halimo. Niliangalia kabla sijauza, nakuapia. Nilipoona halimo nikasema, kwa nini nimuumize? Bora asikie tu."

"Na picha?"

"Picha sikuitazama sana."

"Humjui hata sura," Bi Pasi akasema. "Sasa uliangalia nini?"

Kapteni alianza kupanga sidii zilizokuwa zimeshapangwa. Bi Pasi alisubiri, kwa sababu alitaka sana kusikia neno moja ambalo lingemwezesha kurudi mwezi ujao, akapiga magoti tena kwenye maboksi. Lingetosha neno lolote la kiungwana. Kapteni akasema, "Nimepata ya yule mpiga besi unayempenda, nikuwekee?" Bi Pasi akageuka akatoka.

Hakununua sidii tena, kwake wala kwingine. Mumewe alimwambia, bila kicheko safari hii, kikulacho ki nguoni mwako. Akamjibu kwamba yeye nguo ndizo kazi yake na bado hakukiona. Ile kopi nyeupe alikuwa akiipiga mara chache. Raha iliingiwa na kitu: kila sauti ya dada ilipopanda, aliona pini. Kisha kopi yenyewe ikaanza kuruka, kama kopi zote, na katika mwaka wa pili deki ikawa haiisomi kabisa. Binti mkubwa alisema siku hizi nyimbo zote ziko kwenye simu, akatafuta jioni nzima. Za bendi ya reli zilikuwemo mbili. Dada hakuwemo katika hata moja.

Duka la Kapteni lilifungwa, pakawekwa makava ya simu. Bi Pasi alizisikia habari hizo kwa kinyozi wa jirani, hakuuliza zaidi. Miaka mitatu baadaye mhudumu wa wodi ya wanaume alimletea salamu pamoja na furushi la mashuka: kuna mgonjwa wa figo kule juu, anasema mnafahamiana, anaomba upite.

Alipiga pasi mashuka ya wodi hiyo siku nne. Siku ya tano alipanda ngazi, akasimama mlangoni. Kapteni alikuwa amelala chali, kichwa wazi, nywele zimekwisha, miguu imepita mwisho wa kitanda. Kitanda cha jirani mtu alikuwa anakohoa. Bi Pasi alisimama kwa muda unaotosha kukunja shuka moja, akijaribu kuikumbuka ile miaka sita, ambayo ilikuwa ya kweli, hilo hakulikana. Hakuipata. Muuguzi akamuuliza kama ni ndugu wa mgonjwa.

"Hapana," akasema. "Nimekuja kuhesabu mashuka."

Kapteni aliruhusiwa wiki iliyofuata. Siku hizi wakikutana njiani wanasalimiana, hujambo, sijambo, na kila mmoja anapita upande wake.