Siku Niliyomwosha Miguu Adui Yangu

Mwaka jana nilinunua beseni jipya sokoni Musoma kwa ajili ya kulipiza kisasi. Najua beseni si silaha, lakini nilijua ninachokifanya.

Kanisani kwetu Kamunyonge, kabla ya kuikaribia meza ya Bwana, tunaoshana miguu. Wanaume wanabaki kanisani, sisi wanawake tunaingia darasa la watoto. Kila mmoja anachukua mwenza, unamwosha, naye anakuosha. Kama kuna ugomvi, desturi ni kwamba mkosaji ndiye anayemfuata aliyemkosea. Tunaiita ibada ya unyenyekevu, na sijaona siku ambayo wanawake wana macho makali kama siku hiyo.

Mimi nilikuwa na mtu wangu. Alikuwa jirani, tuliimba pamoja sauti ya pili, na alikula kwangu sato na ugali wa muhogo mpaka akajua sufuria zangu zinakaa wapi. Washenga walipokuja kutoka Bunda kumposa binti yangu na ng'ombe wakakubaliwa, yeye ndiye aliyewasindikiza stendi. Huko njiani akawaambia, "Mimi sipendagi maneno, ila yule binti anaangukaga." Yaani kifafa. Mwanangu hajawahi kuanguka hata kwenye matope. Ng'ombe walibaki Bunda, kijana akaenda kuoa Butiama. Kikulacho ki nguoni mwako, na wangu alikuwa amevaa sare ya kwaya.

Binti yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Baada ya yale maneno kusambaa, wazazi wa wanafunzi walianza kumtazama kama chungu chenye ufa, na kanisani akahamia benchi la nyuma. Alichotaka kilikuwa kimoja tu. "Mama, kijana mwenyewe simtaki tena," aliniambia. "Nataka tu aliyesema aseme mbele ya watu kwamba alisema uongo."

Mimi nilitaka zaidi ya hapo. Nilitaka yule mwanamke awe mdogo. Nilipanga kwamba mimi niliyekosewa ndiye nitakayemwinamia na kumwosha mbele ya wote, waseme huyu mama ana moyo, na yeye akose pa kuficha uso.

Siku ilipofika nilimwona amesimama mlangoni na beseni lake, macho yanatafuta mtu. Sikumpa nafasi. Nilimshika mkono nikamkalisha, chumba kizima kikageuka kututazama. Nilipiga magoti taratibu, ili waliochelewa nao waone. Nilimwosha mpaka katikati ya vidole, nikamfuta kwa taulo nyeupe, nikamwombea kwa sauti. Mama mchungaji alifuta machozi. Nilishiba kabisa.

Zamu yake ikafika, nami nikavua viatu. Hapo nilikuwa sijajipanga. Aliosha mguu wa kwanza, kisha akasema chinichini bila kuinua kichwa.

"Dada, leo nilikuja kwa binti yako. Nilitaka nimwoshe, niseme mbele yao kwamba nilidanganya. Nilikuwaga na wivu, maana wa kwangu hajaposwa. Sasa umenishika wewe, na watu wameshaona tumesameheana. Nitaanzia wapi tena?"

Niliutazama utosi wake. Nilitamani kummwagia lile beseni lote. Alikuwa amekuja kufanya kile kitu kimoja mwanangu alichokingoja, na mimi ndiye niliyemzuia mlangoni.

"Mwaga hayo maji, chota mengine, uende," nikamwambia. "Na useme kwa nguvu, hadi wanaume wasikie."

Akaenda. Binti yangu alikuwa amekaa pembeni peke yake, hakuna aliyekuwa amemchagua. Alivua viatu polepole. Yule mwanamke alisema yote huku anaosha: washenga, stendi, kifafa, wivu. Sauti ikamkatika katikati, akarudi mwanzo akasema tena. Wanawake waliwazunguka, na mama mchungaji akageuza kiti chake kuwaelekea. Binti yangu akamwekea yule mwanamke mkono begani.

Mimi nilibaki kwenye benchi langu, mguu mmoja umeoshwa na mwingine bado, na hakuna hata mtu mmoja aliyenitazama. Mungu anajua, hilo liliniuma kuliko kifafa alichomzulia mwanangu.