Mgonjwa wa Zoezi

Kabla hujaniuliza kama nilikuwa nimekunywa, nakujibu kabisa: nilikuwa nimekunywa chai, tena bila sukari, kwa sababu sukari ya kambi ilikuwa imekwisha. Sikuwa na homa. Nilikuwa nimelala vizuri. Haya ninayokusimulia yalitokea asubuhi, jua limeshatoka nyuma ya ukungu, na sikuwa peke yangu. Wenzangu wako hai, waulize. Ila baadhi yao siku hizi wakiulizwa hukumbuka ghafla kwamba wana kazi mahali pengine.

Mimi ni mtegua mabomu. Ndiyo, mwanamke. Nyumbani kwangu ni Bunia, na majirani wapya wakisikia kazi yangu huangalia miguu yangu kwanza, halafu ndiyo wananisalimia. Nimezoea. Kazi yenyewe, niamini, si ya ushujaa kama wanavyodhani. Ni kazi ya kupiga magoti. Unapitisha mashine ya kutambua chuma, ikilia unaweka alama, kisha unachokoa udongo polepole kutoka ubavuni, kama unavyomtoa mtoto mwiba. Anayetaka kushangiliwa aende akacheze mpira.

Tulikuwa kwenye kilima kimoja kando ya barabara ya kwenda Gety. Miaka ya nyuma watu wenye bunduki walipiga kambi juu yake, na walipoondoka waliacha mabomu ardhini, kwenye mteremko na kuzunguka chemchemi iliyo chini. Kijiji kizima kikawa kinachota maji ya kahawia mbali, mtoni. Chemchemi wanaiona, usiku hata wanaisikia, lakini kuifikia hawawezi.

Sasa kuna desturi moja ya kazi yetu lazima uielewe, maana bila hiyo hutaelewa lolote. Kila asubuhi, kabla mtu yeyote hajaanza kazi, tunafanya zoezi la ajali. Mmoja wetu anateuliwa kuwa mgonjwa. Anavaa fulana nzito ya kinga na kofia yenye kioo cha kufunika uso, anajifunga kitambaa chekundu mahali ambapo ati ameumia, na anakwenda kulala mwisho wa njia tuliyokwisha kuisafisha. Chef, yaani mkuu wetu wa kikosi, anapiga filimbi. Wanne tunakimbia na machela, tunampakia, tunamfunga mikanda, tunamleta mpaka kwenye ambulansi ambako muuguzi anasubiri. Katikati ya njia, chini ya mteremko, pana sehemu ya tambarare. Hapo Chef hupiga kelele, "Tua! Badilisha!" nasi tunapiga goti, tunaweka machela chini, tunabadilishana pande, tunaendelea. Mwisho Chef anatazama saa na kusema tumechelewa. Kila siku tumechelewa.

Chef wetu ni Ukumu, mtu wa Mahagi, Mkatoliki wa rozari kila jioni. Kanuni za kazi anazijua kuliko anavyowajua watoto wake. Muuguzi ni Mama Furaha, ambaye kila asubuhi anatupita mmoja mmoja akiuliza kama tumelala, kama kuna matatizo nyumbani. Ukimwambia una mawazo, huendi kazini siku hiyo. Ukimwambia umeona vitu, unapakiwa kwenye gari unarudishwa Bunia, na sijui kama utaitwa tena.

Na kulikuwa na mtu mwingine, Muzee Kasigwa wa kijijini. Huyu alikuja kila asubuhi na kidumu chake cha njano, akakikalia nje ya kamba ya alama, akatutazama. Swali lake lilikuwa lile lile: "Leo mutafika fasi gani?" Tukimwambia bado hatujafika chini, anatikisa kichwa, anabaki amekaa. Tulidhani ana kiu ya maji ya chemchemi. Nakiri alikuwa anatuchosha.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha kama inalipiza kisasi. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, ukinyoosha mkono unaona vidole vyako kwa shida. Chef akamteua Kisembo awe mgonjwa. Tukaguna wote. Kisembo ni rafiki yangu, lakini anakula fufu ya watu wawili na nyama ya watatu, na siku akiwa mgonjwa sisi wabebaji ndio tunakuwa wagonjwa jioni.

"Leo mugongo yangu inakufa," alisema Dudu, mwenzangu wa nyuma ya machela.

Filimbi ikalia. Tukakimbia kati ya vijiti vyeupe, matope yakituruka mpaka magotini. Mwisho wa njia tukamkuta amelala chali, fulana mwilini, kitambaa chekundu mguu wa kushoto, kioo kimeshushwa na kimejaa mvuke kwa ndani, uso hauonekani. Sikushangaa, katika baridi ile vioo vyetu vyote vilikuwa vimejaa mvuke. Tukampakia, tukafunga mikanda, nikahesabu, tukanyanyua.

Machela nusura iniponyoke kwa wepesi wake. Umewahi kunyanyua ndoo ukidhani imejaa, kumbe haina kitu? Ndivyo ilivyokuwa.

"Weye Kisembo, umeanza kufunga chakula?" Dudu akacheka. Hakujibiwa.

Tulipokaribia pale tambarare nikasikia sauti ya Chef kwenye ukungu: "Tua! Badilisha!" Mimi nilikuwa mbele, kushoto. Nilikuwa nimekwisha kukunja goti, na hapo mkono ukanishika hapa, kwenye kifundo cha mkono. Baridi yake sikuwahi kuigusa, wala sijaigusa tena mpaka leo.

"Mama, musiniweke hapa."

Haikuwa sauti ya Kisembo. Kisembo anaongea kama ngoma. Hii ilikuwa sauti ya mtu aliyekwisha kuomba jambo hilo hilo mara nyingi, na anaomba tena bila kutegemea.

"Musiniweke hapa. Tafazali. Hapa, hapana."

Dudu alicheka tena, akidhani ni mchezo. Mimi sikucheka. Ningefanya nini, nianze kumhoji? Nikasema, "Tunaendelea," nikavuta machela pembeni kabisa, karibu na vijiti, na wenzangu ikawabidi wanifuate. Nyuma yetu Chef alifoka kwamba sasa kila mtu amekuwa chef.

Tukafika kwenye ambulansi. Tukaweka machela chini. Mama Furaha, glavu mkononi, akageuka kuchukua mkasi wake. Wakati huo huo tukasikia mtu anakuja mbio kutoka upande wa choo. Alikuwa Kisembo. Mkono mmoja umeshika suruali, mwingine kofia, kitambaa chekundu kinaning'inia shingoni.

"Chef, pardon! Tumbo inanisumbua tangu usiku. Mulishaanza?"

Sote tukatazama machela. Mikanda ilikuwa imefungwa vile vile, yote, jinsi nilivyoifunga mimi mwenyewe. Ndani yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na mbegu za majani, matope kidogo, na upande wa mguu wa kushoto turubai lilikuwa limelowa maji. Si damu, maji. Fulana zetu zote zilikuwa pale, zimevaliwa na wenyewe.

Hakuna aliyepiga kelele. Watu hudhani katika mambo kama haya watu hupiga kelele. Dudu alikaa chini kwenye matope kama mtu aliyechoka, basi. Chef Ukumu alifanya ishara ya msalaba, halafu, sijui kwa nini, akatazama saa yake.

"Ukungu," alisema. "Mulibeba machela bure. Tuanze kazi."

Mimi nilikuwa naangalia kifundo changu. Vidole vinne vya udongo vilikuwa vimechorwa juu ya ngozi. Mama Furaha alikuwa amekwisha kuviona. Akanitazama usoni, akingoja nitakachosema. Nikajua mara moja: nikitamka neno moja juu ya mtu yule, mchana utanikuta barabarani naelekea Bunia. Lakini nikinyamaza, kesho wenzangu watapiga goti pale pale. Kesho kutwa pia. Kisembo, Dudu, wote wana watoto. Niliogopa, nakuambia wazi.

Basi nikaacha habari za mtu, nikashika habari za mvua.

"Chef," nikasema, "mvua ilinyesha usiku muzima."

"Niliisikia."

"Kanuni inasema nini juu ya njia iko chini ya mulima, kisha mvua?"

Mtu wa kanuni huwezi kumnyima kanuni. "Inasema ipimwe tena."

"Siye tulikimbia kabla ya kupima. Basi tupime sasa. Tuanzie pale tunawekaga machela."

Alinitazama kwa hasira, na hasira hiyo naijua, ni ya mtu anayejua umesema kweli. Hakumtuma mtu. Alishusha kioo chake, akachukua mashine mwenyewe, akaingia njiani peke yake. Ukungu ulikuwa unaanza kupungua, tukawa tunaona mgongo wake. Kisembo alikuwa amenishika mkono wa fulana bila kujua kama amenishika.

Pale tambarare mashine ikalia. Chef akasimama. Akarudisha mashine, ikalia tena. Akapiga goti mbali kidogo, akachokoa.

Lilikuwa bomu, chini ya tabaka jembamba la matope mapya. Mvua ilikuwa imelisomba kutoka kwenye mteremko wa juu ambao hatujausafisha, ikalilaza katikati ya njia yetu. Na lilikuwa mahali pale hasa ambapo mbebaji wa mbele, kushoto, hupiga goti. Goti langu. Tulipita pale tukikimbia wakati wa kwenda, na sijui tulikanyaga wapi. Sipendi kufikiria.

Baada ya Chef kuliangamiza, kazi ilisimamishwa siku ile. Nikatoka mpaka kwenye kamba, kwa Muzee Kasigwa. Alikuwa ameusikia mlipuko na kidumu chake kimelala chini kando yake. Sijui kilichonituma, nikamweleza kila kitu. Nilipofika kwenye maneno yenyewe akanikatiza.

"Alisema vile? Musiniweke hapa?"

"Vile vile, Muzee."

Akakisimamisha kidumu chake, akakikalia. Kisha akaniambia. Mdogo wake, Mugisa, alikuwa wa kwanza kukanyaga bomu, karibu na chemchemi, akienda kuchota maji. Kasigwa na majirani wakang'oa mlango wa nyumba, wakamfunga mguu kwa kitambaa, wakambeba juu ya mlango. Njia nzima Mugisa aliwasihi wasimtue. Mikono ikachoka, wakafika pale tambarare, wakamtua. Jirani aliyepiga goti akalipukiwa, akafa hapo hapo.

"Siye wengine tulikimbia," Muzee alisema. "Tulimuacha na mulango yake. Alituita mupaka magaribi. Alikuwa anataja jina yangu, mama. Hakuna mutu alirudi."

Nililia pale kwenye kamba, fulana nzito mwilini. Yeye hakulia. Nadhani alikuwa amekwisha kulia yote. Basi nikaelewa kwa nini kila asubuhi alikuwa anauliza leo tutafika wapi.

Tulipima mteremko kwanza, tukasafisha juu, ndiyo tukashuka. Majuma yakapita. Kisembo ndiye aliyempata, kwenye majani marefu kando ya tambarare, upande wa chemchemi: bawaba za mlango zilizoshika kutu, na mifupa hatua chache mbele. Alikuwa amejiburuta kuelekea kwenye maji, na maji hayakuwa mbali. Wakubwa wakaitwa, yakafanyika yanayotakiwa kufanyika, familia ikaruhusiwa kumzika. Muzee Kasigwa akaja kwa Chef na ombi moja: Mugisa abebwe kwa machela ile ile, na sisi wenyewe.

Mifupa ndani ya shuka nyeupe. Mtoto angeibeba. Lakini niamini ninachokuambia: tuliponyanyua, machela ilitushusha mabega. Kisembo alishika kona ya nyuma na bado jasho lilimtoka. Tulipofika pale tambarare mikono yangu ilikuwa imechoka, na Chef Ukumu, aliyekuwa anatembea kando, alifungua mdomo kwa mazoea, halafu akaufunga. Hakuna aliyetua. Tulipita, tukapanda mpaka kijijini, mpaka kwenye kaburi nyuma ya kanisa, bila kupumzika hata mara moja.

Pale kaburini tukasimama na machela mikononi, hakuna aliyethubutu kuinama. Muzee Kasigwa akaja, akaweka kiganja juu ya shuka.

"Sasa mumuweke," akasema.

Chemchemi ile siku hizi inachotwa. Mimi bado niko kazini. Usiku mvua ikinyesha kifundo hiki kinaganda, naamka nakisugua mpaka kunakucha, na Mama Furaha akiniuliza asubuhi kama nimelala, namwambia ukweli na ananiacha niende kazini. Zoezi tunalifanya kila siku, ila sasa kabla ya kunyanyua nainua kioo, naangalia uso, nauliza jina. Kisembo hulitaja jina lake kwa sauti kubwa kabisa, hata kabla sijauliza.

Nawe unayepita katika nchi ambayo vita vimepita, sikia. Njia uliyopita jana, mvua ikinyesha usiku si ile ya jana tena. Usiiamini kwa sababu ya nyayo zako mwenyewe. Na siku ukijikuta mbele ya machela, ukabeba mtu, na mtu huyo akakuomba usimtue, usimuulize yeye ni nani. Endelea kutembea.