Mtoto wa Mbwa Aliyefugwa Gizani

Ilianza siku ya Jumamosi, saa nne kasoro robo asubuhi, Mikumi, nyuma ya nyumba za kulala wageni zilizopangana kando ya barabara kuu. Baba alinichukua toka Kilosa kwa sababu, alisema, atakayemlea mbwa lazima awepo mbwa anapochaguliwa. Mimi nilidhani ni kama kununua kuku: unamshika, unampima mkononi, unaondoka.

Baba ni fundi seremala. Karakana yake iko uani kwetu, na wezi walikuwa wameshaivunja mara mbili. Mara ya pili waliondoka na randa ya umeme pamoja na mbao za mninga alizokuwa amezianika mwaka mzima. Tangu hapo hakulala vizuri. Ndipo akasikia habari za mzee wa Mikumi anayezalisha mbwa wakubwa na kuwauzia wenye hoteli na vituo vya mafuta.

Yule mzee alitupokea vizuri. Nilimwamkia shikamoo kwa hii sauti yangu ambayo watu hawaisikii, akaitikia marahaba huku akimtazama baba, kana kwamba yeye ndiye aliyesema. Kisha akafungua chumba cha matofali kisichokuwa na dirisha, akainama kuingia, akatoka na beseni lenye watoto wa mbwa wanne. Wote walikuwa wamefumba macho. Si kwamba walikuwa wachanga sana. Ni mwanga tu, uliwaumiza.

"Baba yao alikuwa wa mzungu mmoja wa hotelini," alisema. "Na mama yao ukimwona, hilo begi lako utaliacha hapa hapa."

Baba akamchagua mweusi mwenye miguu minene kuliko wenzake. Nikaona tumbo lake limevimba kama mpira, na macho yamejaa matongotongo. Nikamvuta baba shati.

"Tumbo," nikasema.

"Binti anasemaje?"

"Anasema tumbo," baba akajibu.

"Shibe hiyo. Kwangu hapa hakuna anayelala njaa." Halafu akavuta kigoda, akaketi kama mtu anayeanza somo. "Sasa fundi, nisikilize. Mbwa hawi mkali ukubwani, anaanza hivi hivi. Mfungie. Asione watu, asione kuku, asione jua. Akizoea mchana atamtingishia mkia kila mpita njia. Chakula ni ugali, basi. Ukimwonjesha mnofu leo, kesho mwizi anamrushia mnofu, anakula, halafu anamsindikiza mpaka karakana. Na mlishaji awe mtu mmoja tu, asiye na maneno mengi."

Baba akanigeukia. "Huyu hana maneno kabisa. Hata mwalimu wake amenilalamikia."

"Basi umeshapata mtu."

Nitasema ukweli, nilifurahi. Watu wote huniuliza kwa nini sisemi, na huyu alikuwa wa kwanza kuuona ukimya wangu kuwa na kazi. Akatuambia pia tusimpe jina mpaka siku atakayobweka, na kwamba akifa kabla hajabweka turudi tuchukue mwingine. "Mbwa wangu hafi bure," alisema.

Banda baba alilijenga kwa jioni mbili. Sasa, baba akitengeneza kitu hakiachi mwanya. Milango yake watu wanakuja kuiagiza kutoka Msowero. Mbao za lile banda zilishikana, ulimi wa moja ndani ya mfereji wa nyingine, mlango ukafunga kama kifuniko cha sufuria, na ukiingiza mkono ndani huuoni. Majirani walikuja kulitazama. Mmoja akasema yuko tayari kuhamia yeye na mke wake, mbwa akalale kwao.

Mama anaswali, kwa hiyo naye alikuwa na masharti. Aliniwekea ndoo yangu peke yangu na lundo la mchanga safi kando ya bafu. "Mate yake yakikugusa, osha mara saba, moja kwa udongo. Na hiyo sketi usiingie nayo chumbani kwangu." Hakumchukia mbwa. Alitaka tu kila kitu kikae mahali pake. Mikono yangu ikapauka, ikaanza kuchanika vidoleni, nikawa naipaka mafuta ya nazi kabla ya kwenda shule.

Juma la kwanza alitapika minyoo, myeupe, mirefu, imejikunja kama tambi zilizoiva. Nilitapika na mimi. Baba akaenda duka la dawa za mifugo akarudi na chupa, nami nikampa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kidogo kidogo pembeni ya mdomo. Aliharisha sana. Kisha tumbo likanywea, macho nikawa nayasafisha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, na siku moja nikamkuta amelamba bakuli mpaka limeng'aa. Nikaamini ugonjwa umekwisha.

Nilimlisha alfajiri kabla ya shule, na tena jioni. Nilikuwa nikiingia na kuufunga mlango nyuma yangu, kama tulivyoagizwa, halafu tunakaa gizani, yeye anakula na mimi naongea. Nilimweleza hesabu zilizonishinda. Nilimweleza mwalimu aliyeniita ubaoni nikasimama nimeshika chaki mpaka kengele ikalia. Mle ndani sauti yangu ilikuwa kubwa, ilijaa banda zima. Akimaliza kula alikuwa akilala juu ya miguu yangu, na nilimjua kwa joto na harufu tu. Kama ungeniuliza sura yake, nisingeweza kukueleza vizuri.

Shuleni walijua haraka.

"We, jana umelala na nani? Unanuka mbwa," alisema ninayekaa naye dawati moja.

"Mwacheni mama mbwa."

"Akijifungua atuambie, mimi nataka dume."

Hilo la dume lilinichekesha kidogo, ila nilicheka nikiwa nimeinamia daftari.

Mwezi wa pili akaacha kuja mlangoni. Zamani nilikuwa nikigusa tu komeo namsikia anakwaruza. Sasa nilimkuta pale pale nilipomwacha, nikawa namsogezea bakuli mdomoni. Nikampapasa. Miguu ya mbele ilikuwa imepinda kwa nje kama upinde, na nilipomnyanyua kiunoni alitetemeka mwili mzima. Siku kadhaa nilitembea na sentensi moja kichwani. Nilipoitoa, ilitoka wakati wa chakula cha jioni, katikati ya habari ya mtu mwingine.

"Baba, miguu yake imepinda."

Mama aliinua uso kabla ya baba. "Hata wewe ulikuwa na matege. Kliniki waliniambia nikuoteshe jua la asubuhi, nikawa nakuweka hapo kizingitini."

"Mtoto wa mtu na mtoto wa mbwa ni kitu kimoja?" baba akauliza.

"Mifupa ni mifupa," mama akasema, akaendelea kula.

Baba akampigia yule mzee, simu akaiweka sauti ya nje ili sote tusikie. "Hicho ni kifua kinatanuka, fundi," mzee alisema. "Mbwa mkali hukaa kifua mbele. Usimtoe. Ukimtoa sasa umeharibu kazi yote." Baba akashukuru. Nilimwelewa baba hata kama sikukubaliana naye. Yeye hampendi mteja anayemfundisha kupiga randa. Fundi humwamini fundi mwenzake, na yule mzee alikuwa fundi wa mbwa.

Kisha pikipiki ya matangazo ikapita mtaani: chanjo ya kichaa cha mbwa, bure, ofisi ya kata. Baba akaniruhusu nimpeleke. "Ila mfunike," alisema. Nikamweka kwenye kapu, nikamfunika kwa kanga iliyochakaa.

Foleni ilikuwa ya wanaume, mbwa wao wamefungwa kamba za katani na mipira ya baiskeli, wanagombana. Waliokuwa wakichanja walikuwa wawili, na mimi nikaangukia kwa dada wa mifugo, kijana tu, amevaa glavu mpaka kwenye viwiko. Nikamwamkia. Akafunua kanga.

"Mbona umemfunika, ana baridi?"

"Hapana. Jua."

"Jua limemfanya nini?"

Mwanaume aliyekuwa nyuma yangu akanisaidia. "Anafugwa kiukali huyo, dada. Hatolewi nje."

"Anakula nini?"

"Ugali," nikasema.

"Na nini?"

"Na maji."

Akambonyeza miguu, akapanda mpaka kiunoni, na hapo mtoto wa mbwa akatoa sauti. Kwangu hakuwahi kutoa sauti kama ile.

"Nani aliwafundisha hivi?"

"Ndivyo mbwa wa ulinzi wanavyofugwa," yule mwanaume akasema. "Hata wangu huyu nilimfungia. Leo anakula mtu."

"Wako ulimfungia wapi?" mwenzake akamdakia. "Banda lako matundu matupu. Kila siku tulikuwa tunamkuta buchani anagombea mifupa. Ulifikiri amefungwa."

Wakacheka. Dada wa mifugo hakucheka. Alinigeukia. "Na la kwenu likoje?"

"Halina mwanya."

"Nani kalijenga?"

"Baba."

Akavua glavu moja, akashika mkono wangu akauelekeza pale kiunoni ili nihisi mwenyewe. Pamebonyea ndani. Alinieleza polepole kwamba mifupa imekosa jua na chakula, imekuwa laini, na hapo nyonga ilikwishavunjika, labda aliporuka tu, ikaungana vibaya na kubana njia ya choo. "Mpeni dagaa wa kusaga, maziwa, na jua. Akishindwa kupata choo, mleteni. Miezi miwili nyuma ningekwambia atapona." Sindano ya chanjo hakumchoma. Alisema atamchoma akipata nguvu, kisha akamwita aliye nyuma yangu. Nilifika mbali njiani ndipo nikaelewa maana ya kutochomwa.

Baba alikuwa karakana. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, kapu mkononi, na sikukwama hata mara moja. Aliendelea kupiga randa ya mkono. Kisha akaacha.

"Alisema banda?"

"Aliuliza. Nikamwambia halina mwanya."

Akachukua msumeno, akatoka, akaukata upande wote wa mashariki wa lile banda. Hakupima. Sijawahi kumwona baba akikata ubao bila kupima. Mbao alizoziunganisha kwa jioni mbili zilianguka chini kabla chai haijachemka, naye akazipanga ukutani akarudi kazini.

Ndipo nilipomwona. Hakuwa mweusi kama nilivyokumbuka. Manyoya yake yalikuwa na rangi ya kahawia kwa chini, kama chai ya rangi, na sikio moja lilikuwa limelala. Alifumba macho siku nzima ya kwanza. Siku ya pili akamwona kuku, akaficha uso chini ya sketi yangu. Kuku, yaani. Huyo ndiye aliyetarajiwa awale wezi.

Mama alitwanga dagaa kwenye kinu cha kisamvu bila kuombwa, akachanganya kwenye uji wa maziwa. Alikula. Jua lilipohama, alikuwa akijivuta kwa miguu ya mbele kulifuata, sentimita chache, anapumzika, anajivuta tena. Nilianza kufikiria majina, ingawa sikumwambia mtu.

Choo hakikutoka. Nilimpa mafuta ya alizeti kwa lile bomba. Nilimkanda tumbo kwa kitambaa cha moto. Aliinama, anajikaza mpaka macho yanamtoka, halafu analala tena kwa ubavu na kunitazama. Ijumaa alisusa uji. Jumamosi nilimrudisha ofisi ya kata, nikaambiwa dada wa mifugo amekwenda Vidunda na atarudi wiki ijayo, na yule mwenzake alimtazama kapuni bila kuinama akasema, "Huyu nyumbani tu."

Alikufa Jumapili mchana, juani, kichwa kikiwa gotini pangu. Hakukuwa na kitu cha kusimulia. Tumbo lilipanda, likashuka, nikangojea lipande. Mama alikuwa anatandaza mpunga mkekani, akaniona sisogei, akaja akasimama. "Inna lillahi," alisema, kisha akajishika mdomo, labda kwa kukumbuka kuwa ni mbwa. Baba akachimba nyuma ya migomba, chini sana, kwa sababu ya fisi.

Jioni baba akampigia yule mzee, sauti ya nje tena.

"Pole, fundi. Alibweka?"

"Hakubweka."

"Basi haki yako ipo. Wale watatu bado ninao ndani, wamenona. Njoo Jumamosi uchague."

"Nikimchukua, safari hii namfuga nje," baba alisema.

"Ukimfuga nje usiseme ni mbwa wangu."

Baba akasema atafikiria, akakata simu. Mama akaondoa vyombo. Mimi nilibaki nimeshikilia neno moja tu katika yote yaliyosemwa: ndani.

Asubuhi yake, Jumatatu, nilivaa sare ya shule, nikamwamkia baba, nikamwomba simu.

"Ya nini?"

"Nimpigie yule mzee."

Mimi sipigi simu. Hata shangazi akipiga, mimi hujificha bafuni ili nisipewe. Baba akaifuta kioo kwa shati, akanipa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mtoto wa fundi wa Kilosa."

"Aa, pole mama. Mwambie baba asisahau, Jumamosi."

"Wale watatu," nikasema, "watoe nje. Wape dagaa. Mifupa yao inavunjika."

Nikasikia lori likibadili gia kule kwake.

"Nani amekutuma useme hivyo?"

"Hakuna. Nilimshika wa kwetu, nikahisi."

"Binti, mimi nimeanza kufuga mbwa baba yako hajaoa."

"Ndiyo, mzee. Watoe nje."

Akakata. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikanyamaza. Nikapiga tena, ikawa haipatikani. Nikamrudishia baba simu.

"Amesemaje?"

"Amekata."

Nikachukua begi langu nikaenda shule. Nilifika mstari wa asubuhi umekwishatawanyika, nikapewa ufagio pamoja na wachelewaji wengine, nikafagia uwanja.