Injini Iliyolala na Dizeli

Siku yangu ya kwanza gereji, kule juu mtaa wa Kawangware, sikupewa spana. Fundi Mkuu alichomoa dipstiki, ule ufito wa kupimia oili, kwenye gari moja bovu, akanipaka oili yake kidoleni. Ilikuwa nyeusi, nzito kama uji uliolala.

"Hii ni nini, Mkamba?"

"Oili, Mzee."

"Wee! Hii ni tope. Oili ilikufa zamani, hawajaizika tu." Akacheka peke yake.

Alikuwa mtu wa mkoa wa Magharibi, akiishi Soweto West kule Kibera, na kila asubuhi alikuja kwa miguu. Jina langu alilijua vizuri, lakini aliniita Mkamba miaka yote, nami sikuona ubaya.

Nyinyi vijana wa siku hizi mnamwaga chupa ya dawa ndani ya injini, mnawasha, basi. Sisi hatukuwa na haraka hiyo. Injini ikishapata moto kiasi, tulifungua nati ya chini, oili chafu ikatoka yote. Tukafunga, tukajaza dizeli iliyochanganywa na oili kidogo, tukaiacha ilale hivyo bila kuwashwa ili tope lilainike. Kesho yake tunamwaga, tunateremsha sampu, ile karai ya chini inayobeba oili, na tunasugua chujio la pampu. Ukiruka hilo chujio, tope lililolegea linaziba pampu, oili haipandi, na injini inakufia mikononi. Nimeona mafundi wazima wakilia.

Halafu kusikiliza. Mmoja anawasha akiangalia taa ya oili. Mwingine anagusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini anauweka sikioni. Mzee alisikia beringi ikianza kulika kabla mwenye gari hajajua lolote. Baadaye nilifanya kazi chini ya maforman wawili kwenye viwanda vya Industrial Area, watu wa vyeti ukutani, na hakuna aliyemfikia.

Sasa, siku ya matokeo ya uchaguzi tulikuwa tumejaza dizeli kwenye pikapu ya mama mmoja wa mboga. Kulipokucha barabara zilikuwa zinawaka moto. Mzee amekwama Kibera, mimi niko kwangu 46, hapo hapo Kawangware. Siku ya nne yule mama akanijia mbio. "Fundi, nahamisha watoto! Nipe gari yangu!"

Tukaenda gereji, nikampigia Mzee.

"Umeteremsha sampu?"

"Niko peke yangu, Mzee."

"Teremsha. Hata wakichoma dunia, wewe teremsha."

Nikamwaga dizeli, nikateremsha sampu, nikasugua lile chujio, nikaweka filta mpya na oili mpya. Mama akawasha. Taa ikazima, lakini kukawa na mlio, tik-tik-tik, na mimi sikujiamini. Nikampigia tena.

"Shika bisibisi," akasema, "halafu weka simu kwa mpini."

Mungu wangu! Nikabana simu kwenye mpini. Yeye yuko ndani ya nyumba yake ya mabati, bunduki zinalia nje, na anasikiliza injini iliyo Kawangware.

"Hizo ni tapeti tu, vile vyuma vya juu," akasema mwishowe. "Oili haijafika juu. Ngoja kidogo." Tukangoja, na kweli mlio ukaisha. Mama akapakia watoto, akaenda. Nilifurahi nusura nicheze.

"Si umeona?" Mzee akasema. "Sasa, mambo yakipoa, nikuje Jumatatu?"

Wenzetu wawili wa gereji walikuwa wamefika wakati huo, wamesimama hapo karibu. Asubuhi hiyo hiyo, kule 46, walikuwa wameapa mbele yangu: "Huyo mzee wa Kibera, kabila lake si la upande wetu, asikanyage gereji tena." Sasa walikuwa wananitazama. Nilitaka kusema njoo, Mzee, nitakungoja mlangoni mimi mwenyewe. Nikanyamaza.

"Haya," akasema, polepole. "Nimesikia."

Hakuja. Nilipata habari kwamba alibeba vyombo vyake akarudi kwao Magharibi. Kwa miaka niliwaambia watu nilinyamaza ili asije akaumia njiani. Uongo mtupu. Niliogopa wale wawili.

Sasa nimestaafu, magoti hayakubali tena kulala chini ya gari. Watoto wangu hudhani naililia kazi. Kazi niliichoka! Mimi namlilia yule mzee, hata matusi yake. Namba yake nimeipiga mpaka nikaacha, haipatikani. Na neno lenyewe lilikuwa moja tu, njoo, na kredo ya simu ilikuwa bado iko.