Miguu Ile Pichani ni ya Sidi

Jana tumemzika Sidi na akili yangu bado inakataa. Leo asubuhi nimeshika simu nimpigie, nimsimulie mazishi yalivyokuwa.

Badala yake nikakuta mmeweka picha hapa mtandaoni.

Nyinyi wa kamati ya ile kampuni yetu ya baleti. Mmeandika "nguzo yetu", mmejaza mishumaa na vijimoyo. Kisha mkabandika picha ya densi ya ndege, na chini yake: "Rukia akicheza. Marehemu Sidi alikuwa akitusaidia nyuma ya pazia."

Akiwasaidia! Hamna haya?

Kwa msiojua: miaka ya tisini tulikuwa na kampuni ndogo ya baleti, tukifanya mazoezi katika ukumbi wa kukodi Kizingo. Sidi mchana alikuwa karani bandarini, jioni mchezaji. Alitushinda sote. Na mimi, Rukia mwenyewe, alinishinda zaidi.

Ukumbi ule ulikuwa wa harusi. Kila Jumamosi tulikuta sakafu imepigwa nta, inateleza balaa. Sidi alifika mapema, akamwaga soda na kupangusa mpaka viatu vishike. Ukimwambia apumzike, anakujibu, "Mguu ukivunjika, mwanangu, Biashara Street hawauzi spea."

Huko huko Biashara Street alinunua chandarua akatushonea sketi. Mama mmoja wa kamati akamuuliza kama kwao kuna mbu wengi. Mkacheka. Nawakumbuka mliocheka.

Alihifadhi densi za kila mtu. Mtu akiugua, Sidi anaingia. Jina kwenye programu halibadilishwi, eti zishachapishwa.

Sasa hiyo picha.

Siku ya onyesho niliteguka kifundo kwenye ngazi za ukumbi. Nilikuja na viatu virefu kwa kujishaua, semeni mtakavyo. Sidi akavaa nguo zangu na kinyago cha ndege kilichofunika uso wote, akatoka. Picha ilipigwa angali hewani. Watu walisimama kabla muziki haujaisha.

Mimi nilikuwa pembeni mwa jukwaa, mguu umefungwa kitambaa, nimejaa wivu mpaka kooni.

Aliporudi, mwenyekiti wa kamati akanishika mkono. "Rukia, vaa kinyago ukainame. Watu wamekuja kukuona wewe."

Sidi alikuwa akihema, jasho linamtiririka. Akakivua kinyago, akanivika kwa mikono yake. "Nenda bwana, watu wangoja. Mimi n'shacheza."

Nikaenda! Nikachechemea mpaka mbele, nikainama, nikapokea maua. Waliniona nachechemea wakadhani ni uchovu, wakazidisha makofi. Maua nikayapeleka nyumbani kwetu Mji wa Kale. Sidi sikumpa hata moja.

Baadaye tukatawanyika, huyu kaolewa, huyu kaenda Ulaya. Kampuni akabaki nayo Sidi. Alifundisha watoto mpaka magoti yakakataa, kisha akafundisha ameketi kitini. Nani kati yenu alikwenda kumjulia hali?

Mimi nilikwenda. Nilikunywa chai yake miaka na miaka, na jioni ile sikuitaja. Nilingoja aitaje yeye. Sidi, hilo nimekukasirikia na bado nimekasirika: mbona hukunitukana hata siku moja? Ungenitukana ningepumua.

Kamati, futeni maneno yale leo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Andikeni: Sidi akicheza densi ya ndege. Na kama mnataka kunitaja, andikeni nilichofanya. Msiponitii, nitaandika hapa kila siku mpaka mchoke.

Na wewe unayetaka kuniambia kwenye maoni kwamba ni mambo ya zamani, pita zako.

Sidi wangu, maua niliyoweka jana kaburini ni yale ya jioni ile. Nimechelewa kuyaleta.

Lala unono.