Matone ya Mama Ndila

Mama Ndila, jina lake Katunge, alizaliwa upande wa Makueni, karibu na Sultan Hamud, akaolewa huku kwetu Kanyangi. Mumewe Muthama alikufa zamani, na tangu hapo amemlea binti yake kwa kusuka vyondo. Hata akienda kanisani anatembea akisokota nyuzi za mkonge. Mimi ni jirani yake. Kati ya boma lake na langu kuna ua tu, na miaka yote hiyo sikuwahi kuuvuka bila kuitwa.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, jicho lake la kulia liliwaka jekundu. Mwanga ulimchoma hata akawa anashinda ndani, mlango umefungwa, kiondo kimelala nusu. Mjini Kitui daktari wa macho alimwambia kuna uvimbe ndani ya jicho, na usipotulizwa jicho linaweza kupotea. Akapewa chupa ndogo ya matone, ya kutia kila saa mchana kutwa.

Shida ni kwamba hufumba jicho kabla tone halijafika. Binti yake Ndila yuko mbali, anafanya kazi hotelini Mtito Andei. Nzisa, mke wa shemeji yake, alijaribu, dawa ikaishia shingoni. Basi Mama Ndila akaniita kutoka ng'ambo ya ua.

"Kimeu! Si wewe hutia mbuzi dawa ya macho?"

"Ni mimi."

"Basi kuja. Mimi si mkali kama beberu wako."

Nzisa akacheka. "Chunga, Mama Ndila. Huyu akizoea atakufunga kamba."

Nilitaka ardhi inimeze, lakini nilienda. Alikaa kwenye kigoda, akaegemeza kichwa ukutani. Nilivuta kope la chini kwa kidole, tone likaingia. Alinukia mkonge na sabuni.

"Hupumui?" akaniuliza.

"Napumua."

"Sikusikii."

Nikawa nachungia mbuzi karibu, ili saa ikifika niwe pale. Kati ya tone na tone alinisimulia habari za kwao, na garimoshi walilokuwa wakilipungia mkono wakiwa watoto. Mimi nilisikiliza.

Chupa aliisimamisha juu ya kabati na hakutaka iguswe. Huku maji ya kunywa tunayachimba kwenye mchanga wa mto. Ukifika nyumbani unayaacha yatulie, unachota ya juu, ya chini unamwaga. Dawa nayo ilikuwa hivyo: juu maji safi, chini weupe.

"Shika polepole," aliniambia. "Usiamshe uchafu."

Nikawa nashika polepole.

Jicho halikupona. Likazidi, hata akawa haoni vizuri vidole vyangu vikimjia. Nikamsindikiza kurudi Kitui. Daktari, mama mmoja anayeitwa Waruguru, aliinua chupa kwenye mwanga.

"Mama, hukuwa unatikisa?"

"Nilitikisa siku ya kwanza, ikachafuka."

"Huo uchafu ndio dawa! Umekuwa ukitia maji."

Mama Ndila alinigeukia na jicho lake zima. "Umesikia, Kimeu? Kumbe tumeitunza chupa, jicho tukaliacha."

Daktari akatueleza. Tungeweza kuendelea na ile ile, mradi itikiswe vizuri kila mara, tena kila saa. Au kulikuwa na nyingine, nyeupe kama maziwa, iliyochanganywa na mafuta. Hiyo haitulii chini wala haihitaji kutikiswa, na ni mara nne tu kwa siku. Ila ina nguvu, kwa hiyo lazima awe akija kupimwa presha ya jicho.

"Zote zinaponya zikitiwa sawasawa," akasema.

"Mtiaji ni huyu," Mama Ndila akasema. "Kimeu, chagua."

Kila saa, au mara nne. Nilijua ninachokitaka mimi. Nikalitazama lile jicho linavyotoa machozi, nikaitazama mikono yake iliyolala mapajani bila uzi.

"Hii ya maziwa," nikasema.

Jicho likaanza kutulia. Dawa hii haiachwi ghafla, hupunguzwa kidogo kidogo. Mara nne zikawa tatu, tatu zikawa mbili, kisha ikabaki asubuhi tu. Kila daktari alipopunguza, Mama Ndila alimshukuru Mungu, nami niliitikia amina. Njiani nilihesabu matone yaliyobaki.

Asubuhi ya tone la mwisho alifungua macho yote mawili, akanitazama sana.

"Umeota mvi, Kimeu. Sikuwa nimeziona."

Nikafunga kifuniko cha chupa, nikakikaza, nikakikaza tena.

Siku hizi anakaa nje juani akisuka. Jana nilipita na mbuzi, akaniita.

"Kimeu, kuna chai!"

"Nina haraka kidogo, Mama Ndila."

Sikuwa na haraka yoyote; sikuwa tu na tone la kutia. Niliteremka hadi ukingo wa mto, nikakaa pale nikitazama juu bomani kwake, mpaka chai ile, nadhani, ikapoa.